Madereva wa magari ya shule Mbeya hawadumu. Tusisingizie uhaba

Nsalaga_Mwisho (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nashughulikia usafiri kwenye shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa jijini Mbeya. Jina la shule naliacha, bado nauhitaji mshahara. Kila shule zikikaribia kufunguliwa, kazi yangu ya kwanza ni kusaka dereva. Natupia tangazo kwenye magrupu, naulizia kijiweni Kabwe, nawapigia wa zamani. Wanakuja, hilo niliseme mapema. Mmoja anaendesha mwezi, mwingine anafika nusu muhula, halafu asubuhi moja simu haipatikani na watoto wako barabarani Igawilo wanatetemeka. Baada ya wiki unasikia yuko Tunduma, kapata gari la mzigo.

Bosi anasema vijana hawataki kazi. Wazazi wanasema tunaokoteza. Mimi ninayekaa nao kwenye benchi la mlinzi naona vingine. Mji huu uko kwenye barabara ya kwenda Zambia na Malawi, utakosaje madereva? Wamejaa. Ila ukimwambia mtu atoe siku yake nzima halafu umlipe ya nusu siku, atakuitikia mpaka apate pengine.

Angalieni siku yenyewe. Dereva wa njia ya Uyole anaamka saa 9:30 usiku. Saa 10:30 gari linatakiwa liwe linanguruma: ameshapima oili na maji, ameshazunguka tairi, ameshafuta kioo. Mnaoishi Dar hamtalielewa hili la kioo. Juni na Julai huku, ukungu unakaa nje na pumzi za watoto zinakaa ndani. Hita ya Coaster ilishakufa tangu kwa mmiliki wa kwanza. Kwa hiyo mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine una tambara, dirisha la dereva liko wazi ili kioo kisizibe, na matroni huko nyuma analalamika watoto wanapigwa baridi. Mbele kuna lori linajikokota, nyuma kuna basi la mkoani linapiga honi. Ongezea na huu upanuzi wa njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29 za vifusi na vumbi. Mchepuko uliopita jana, leo umefungwa.

Mtoto wa kwanza anapanda saa 11 alfajiri, wa mwisho anashuka getini saa 1:30. Saa 2 asubuhi dereva kamaliza. Saa 8 mchana anaanza upya na wa chekechea, saa 10 wakubwa. Anamaliza kushusha saa 12 jioni, analaza gari shuleni, anadandia daladala kurudi kwake.

Hapo katikati pana saa 6. Kwenye karatasi ya bosi ni mapumziko. Lakini Uyole hawezi kurudi, maana nauli ni yake, na akirudi akajinyoosha kitandani atapitiliza. Basi anakaa. Na mtu akikaa karibu na ofisi, haachi kutumwa. "Dereva, hebu fika benki." "Dereva, mahindi ya jikoni yako Mwanjelwa." "Dereva, mchanga." Nimemwona kwa macho yangu mtu mwenye leseni daraja C akifyeka majani ya uwanja wa mpira saa 5 asubuhi, kisa "amekaa tu". Jumamosi akapigiwa simu akabebe maparachichi ya bosi huko Rungwe. Posho ilikuwa soda na chipsi.

Jioni huyo huyo ndiye tunamkabidhi watoto 30 kwenye mteremko.

Sasa njooni kwenye leseni. Gari la abiria 15 hadi 30 linataka daraja C1, na C1 huipati mpaka uwe umekaa na D, ile ya gari binafsi, miaka 3. Basi kubwa kuliko hapo linataka C yenyewe, ambayo unaifikia baada ya miaka 3 ya C1 au ya E, na kozi ya magari ya abiria juu yake, kwenye vyuo vya VETA au NIT. E ndiyo ya lori. Kwa hiyo kwa karatasi, anayeendesha basi kubwa la shule ni mkubwa wa anayeendesha lori. Waangalie mifukoni sasa.

Na shule zikifungwa? Wapo wanaolipa likizo, wapo wanaolipa nusu, na wapo wanaosema "tutaonana muhula ujao". Juni inafungwa, Desemba inafungwa, katikati kuna likizo fupi fupi. Mwenye nyumba wake hana likizo.

Nataka kusikia madereva wenyewe, wazazi na wenye shule. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Mzigo_Kasumbalesa

Mkuu umenigusa. Nimeendesha gari la shule hapo hapo Mbeya, sasa niko kwenye mzigo. Watu wanadhani tunafuata sifa za lori. Lori lina mateso yake: Tunduma unalala kwenye foleni, Kasumbalesa kule mpakani mwa Zambia na Kongo ndiyo usiseme, na wezi wa dizeli hawalali. Lakini nikilala njiani kuna posho ya njiani. Gari likisimama halina mzigo, mshahara unaingia. Na hakuna wa kunipigia saa 5 asubuhi nikafyeke.

Kilichonitoa hasa ni faini. Gari lina tairi kipara. Nimeandika kwenye daftari, nimemwambia mhasibu, naambiwa "subiri ada ziingie". Trafiki ananisimamisha, ananiandikia 30,000, na ofisi inanikata mimi, eti dereva ndiye mwenye leseni. Watoto wamezidi, wanapakatana. Orodha ya watoto sikuipanga mimi, faini ni yangu. Halafu shule zikifunguliwa trafiki wanafanya ukaguzi, gari bovu linang'olewa namba, na dereva anaambiwa akae nyumbani hadi litengenezwe. Kukaa nyumbani maana yake hakuna hela, na ubovu niliuripoti mwenyewe.

Nikamuuliza mhasibu: kama leseni ni yangu na faini ni yangu, basi na gari ni langu? Akasema nina kiburi. Nikaondoka na kiburi changu.

Kabwe_Stendi

Umesahau deiwaka, sisi wa kushika gari la mtu kwa siku, mkuu. Mimi nina C1, sina gari. Asubuhi nashika Haisi ya mtu aliyechoka, napiga tripu za Mbalizi, saa 4 nina hela ya chakula mfukoni. Mchana nikipata nyingine, napeleka hesabu ya tajiri na kinachozidi ni changu. Nisipojisikia, nalala. Gari la shule hata ukiendesha kwa roho safi namna gani hakuna cha kuzidi. Halafu la shule unalipwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wenyewe unaweza kuwa tarehe 14.

MamaWawili_Forest

Mimi ni mzazi, na nilikuja hapa na hasira zangu. Mwaka jana gari letu lilibadilisha dereva mpaka mwanangu akaacha kuuliza jina, wote anawaita anko. Mmoja alikuwa anapiga honi getini saa 11 kana kwamba kuna moto. Mwingine alikuwa anakimbiza.

Ila kuna jambo mleta uzi hujaligusa na ndilo linaloniuma. Mwanangu mdogo, wa chekechea, anasinzia akishapanda tu. Anapenda kiti cha nyuma, kile cha juu ya tairi, anajikunja pale na sweta lake hata humwoni. Anko wa kwanza alilijua hilo. Akifika anasema, "Bado mmoja," anaenda mwenyewe kumwamsha. Alipoondoka, hakuna aliyemwambia mgeni, na siku hiyo matroni hakuja. Watoto wakashuka, gari likafungwa, likapelekwa nyuma ya jiko. Mlinzi ndiye alisikia mtu anagonga kioo.

Mtoto alikuwa mzima, Mungu mkubwa. Lakini nikawaza: yule dereva mgeni naye si mtu mbaya, hakujua. Na hatajua, maana kabla hajawajua watoto atakuwa ameshaondoka. Mnapobadilisha dereva mnadhani mmebadilisha mtu wa usukani tu. Kuna mtoto anayetapika Iwambi kila siku, kuna anayeshukia kwa bibi Ijumaa, kuna ambaye baba yake haruhusiwi kumchukua kwa amri ya mahakama. Hayo yote yako kichwani mwa anko, hayako kwenye daftari lolote.

Sasa naomba niulizwe na mimi: ningeongezewa hela ya gari ningelalamika? Ningelalamika, ndiyo. Halafu ningelipa.

Mkongwe_Binafsi

Naona wenye shule tunasulubiwa bila kusikilizwa. Nina shule, nina magari ya shule, na ninalipa likizo. Sasa nisikilizeni.

Hela ya usafiri naipanga Novemba, kabla ya mwaka kuanza. EWURA wanatangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Dizeli ikipanda Machi, nani atamrudia mzazi kumwambia aongeze? Ile Coaster ya mtumba inahesabiwa kama gari, lakini inafanya kazi asubuhi na jioni, siku za shule tu. Mkopo wa benki unahesabu siku zote. Bima, kibali cha usafirishaji cha LATRA, ukaguzi, tairi. Barabara za mitaa yetu mnazijua, Ituha masika springi hazimalizi muhula. Kuna wazazi wanapandisha mtoto muhula mzima hela hawajalipa, ukimshusha mtoto unapigwa picha unawekwa mtandaoni.

Kuhusu kumtuma dereva katikati ya siku: mwajiriwa ni mwajiriwa. Mwalimu akiwa hana kipindi anasahihisha madaftari. Mhasibu akimaliza risiti anapanga faili. Kwa nini dereva akae amenyoosha miguu saa 6 na mimi nalipa?

Na tuseme yote. Wapo madereva wanaofyonza mafuta. Wapo wanaopakia abiria wa njiani wakirudi na gari tupu. Wapo waliokuja wananuka pombe saa 11 alfajiri na mimi mwenyewe nikashika usukani. Hao nao waandikieni uzi.

Nsalaga_Mwisho (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kujitokeza kiungwana. La mafuta nakubaliana nawe, wanaofyonza wapo. Ila jiulize anayefyonza lita 2 anafyonza kwa sababu gani, na kwa nini yule unayemlipa likizo hafyonzi. Sisemi mnyonge haibi. Nasema anayejua Januari atakuwepo anachunga Desemba yake.

La mwalimu na madaftari, hapana. Mwalimu akisahihisha akiwa amechoka, mtoto anapata vema pasipostahili. Dereva akichoka kwenye mteremko wa Iwambi, mnajua wenyewe. Zile saa 6 ni sehemu ya kazi ya jioni. Au mpe alale, au mlipe kama aliyekesha.

Mpiga_Muhuri

Niingize sheria kidogo, maana hapa ndipo waajiri wengi wanapojikwaa bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku kuwa kazi ya kawaida. Zinazozidi ni za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na hata kwa ziada siku haitakiwi kupita saa 12. Kati ya kumaliza kazi na kuanza kesho yake, mfanyakazi anatakiwa apate saa 12 mfululizo za kupumzika.

Dereva wa mleta uzi anamaliza saa 12 jioni, anawasha gari saa 10:30 alfajiri. Hapo ni saa 10 na nusu. Pungufu. Lakini sheria ina mlango: mapumziko hayo yanaweza kushushwa hadi saa 8 kama kuna makubaliano ya maandishi na kazi ya mchana imekatizwa na mapumziko ya angalau saa 3. Yaani hii kazi ya asubuhi na jioni inawezekana kabisa kihalali. Masharti ni karatasi na mapumziko ya kweli.

Sasa Mkongwe, ukimtuma benki, Mwanjelwa na kwenye mchanga, umeyaua mapumziko. Hesabu ya siku inaanzia 10:30 alfajiri mpaka 12 jioni bila kukatizwa: saa 13 na nusu. Umevuka 12, na ziada hujalipa. Akikupeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile hoja ya "alikuwa amekaa tu" haitakusaidia, maana barua ya benki ina tarehe na ina jina lake.

Madereva nanyi: ukiachishwa, siku za kupeleka mgogoro CMA ni 30, si "nikipata nafasi". Wengi mnakuja mwezi wa tatu mkiwa na ujumbe wa WhatsApp na hasira. Dai mkataba wa maandishi siku ya kwanza. Na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kufunga shule hakuifuti.

Tajiri_Hewa

Kabla hamjamwongeza dereva, mwalimu wa shule hizo hizo analipwa ngapi? Anzieni hapo.

Mnyalukolo_Gangilonga

Kamwene! Iringa nako ni hivyo hivyo, ila nina mfano mmoja tofauti. Shule ninayoijua, watoto wengi wanatoka bondeni Ipogolo, na kile kipande cha kupanda kuja mjini gari likiwa limejaa ndipo dereva mgeni anajulikana. Anachelewa kushusha gia, gari linakufa katikati, malori yanashuka upande wa pili, watoto wanapiga kelele. Mwenyeji anaingia na gia mbili toka chini, haongei na mtu mpaka afike juu.

Wale walimpa dereva chumba hapo shuleni. Chumba cha kawaida, umeme na maji, na familia yake ipo. Ghafla hana nauli, hana kuamka saa 9, na saa za katikati anakwenda kwake anavuta shuka. Mshahara hawakupandisha kwa maana ya kupandisha. Yupo mpaka leo.

Kasoro yake ni kwamba anayekaa hapo shuleni anageuzwa mlinzi, fundi wa jenereta na mtu wa kupeleka mgonjwa hospitali usiku. Mke wake ndiye aliyewaka, akamfuata mwalimu mkuu: usiku wa kuamkia siku ya shule mume wangu asigongewe, labda mtoto awe anazidiwa. Tangu hapo wanaheshimu. Kila dereva angekuwa na mke wa namna ile tusingehitaji CMA.

Binamu_Kentucky

Niko Marekani, nyumbani Tukuyu. Msidhani ni umaskini wetu tu. Huku basi la njano lina heshima mpaka magari yote yanasimama likiwasha taa nyekundu, na bado madereva hawapatikani. Septemba 2021 huko Massachusetts gavana Charlie Baker aliruhusu askari wa akiba hadi 250 wakaendeshe magari ya wanafunzi. Hapa kwetu Louisville, Agosti 2023, wilaya ya shule ilipunguza njia ili madereva wachache watoshe; siku ya kwanza ya shule watoto wengine walifika nyumbani karibu saa 4 usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki moja kupanga upya.

Sababu ukizisikia utadhani ni za Uyole. Asubuhi saa chache, mchana saa chache, katikati hewa, na wengi wanalipwa zile za usukani tu. Majira ya joto shule zimefungwa, kipato kimefungwa. Leseni ni ile ile ya kibiashara ya lori, CDL, na juu yake vibali viwili, cha abiria na cha basi la shule. Ukishaipata, kampuni za mizigo nazo zinakuita. Ikafika mahali serikali kuu, mwanzoni mwa 2022, ikaruhusu majimbo yaruke kile kipande cha mtihani cha kufungua boneti na kutaja vyuma vya injini, ili watu waingie haraka.

Tofauti ninayoiona ni bima ya afya. Huku kuna mzee au mama anaendesha basi la shule kwa ajili ya bima, mshahara anauona wa pili. Halafu wana utaratibu: mabasi mengi yana king'ora nyuma kabisa, dereva akizima gari lazima atembee mpaka kiti cha mwisho akakizime. Yule mtoto wa MamaWawili angeonekana. Kwa Coaster ya Mbeya si lazima king'ora. Kibao kimoja kitundikwe dirisha la nyuma, dereva akakigeuze kila akimaliza.

Mzee_wa_Iyunga

Vijana, niliendesha magari ya serikali mpaka nikastaafu. Sasa naendesha gari la shule, na nitaendelea macho yakiniruhusu. Nawaambia kwa nini mimi sijatoroka.

Kwanza, nakaa jirani na shule, natembea kwa miguu. Saa 2 naenda kwenye bustani yangu, saa 7 naoga, saa 8 niko kwenye gari. Pili, nina pensheni. Huu mshahara ukichelewa, nyumbani kunapikwa. Kijana mwenye watoto wadogo na nyumba ya kupanga hawezi kufanya ninachofanya, na mwajiri asinitumie mimi kuwa kipimo. Niliwahi kusikia nikitajwa kwenye kikao, "mbona mzee hatulalamikii". Nikawaambia mbele ya watu: mimi nalipwa na serikali, nyie mnanisindikiza.

Tatu, nina umri wa kukataa. Siku moja walipandisha watoto wakazidi viti. Nikamwambia mwalimu wa zamu, hao waliozidi wapandishwe gari jingine au mimi nashuka. Akafoka. Nikazima gari, nikaweka funguo kwenye dashibodi, nikafungua mlango wangu. Gari jingine likapatikana. Kijana wa miaka 28 akifanya hivyo, jioni hana kazi. Ndiyo maana anabeba.

Tangu ile ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, walipokufa watoto 32 na watu wazima 3, dereva mwenyewe akiwa mmoja wao, nimeona ukaguzi ukiongezeka. Ikaja Mtwara Julai 2022, ikaja Arusha Aprili 2024, gari la shule kusombwa na maji korongoni. Kila mara dereva anaongezewa sharti, na ni sawa, aongezewe. Sijaona baada ya ajali yoyote mtu akitangaza kwamba dereva asikatwe faini ya tairi ambalo aliliandika kwenye daftari. Yule aliyeko Kasumbalesa kasema kweli tupu. Daftari la ubovu lisainiwe na watu wawili, aliyeripoti na aliyepokea ripoti, kila asubuhi. Halafu tuone faini itakwenda kwa nani.

Mkongwe, wewe ni rika langu, nisikie. Huyo aliyekuja ananuka pombe ulifanya vema kumshusha. Lakini ulimpata wapi? Ulimpata wiki ya mwisho kabla ya kufungua shule, wazuri wote wakiwa wameshapata magari.

Mkongwe_Binafsi

Mzee Iyunga, nimekusikia. La daftari la saini mbili nitalifanya, halina gharama. La kumtuma dereva, bado nasema kazi ya mapokezi na stoo ingeweza kuunganishwa na udereva kwa mshahara mmoja mzuri zaidi, kuliko kumlipa mtu alale.

Kabwe_Stendi

Mshahara mzuri zaidi ni sawa. Ila stoo saa 4, usukani saa 8, hapana. Panga stoo iishe saa 5.

Nsalaga_Mwisho (mleta uzi)

Nimechapisha baadhi ya majibu haya nikampelekea bosi bila majina yenu. Amesoma la Mpiga_Muhuri mara mbili, akauliza kama hili jukwaa linasomwa na watu wa ofisi ya kazi. Matokeo mpaka leo mchana: faini za ubovu wa gari hazitakatwa tena kwa dereva, na likizo atalipa nusu. Nusu, wakuu, siyo nzima. Uwanja wa mpira utatafutiwa mtu.

Bado nahitaji dereva wa njia ya Mbalizi. Coaster, C1 inatosha, umri sijali, pombe najali.

Kabwe_Stendi

Gari linalala wapi?

Nsalaga_Mwisho (mleta uzi)

Shuleni.

Kabwe_Stendi

Basi hapana. Nakaa Mbalizi. Gari likilala kwangu pale kwenye yadi ya mjomba kuna mlinzi, mtoto wa kwanza yuko mlangoni kwangu, nyie mnaokoa mafuta ya kwenda kumfuata na mimi naamka saa 11. Mwambie bosi apige hesabu ya dizeli kwanza, halafu aje na ile nusu yake tuongee.

Nsalaga_Mwisho (mleta uzi)

Nitumie namba pembeni. Na leseni, pande zote mbili.